Windows, Linux Mint na Mac hazionani nyumbani, na intaneti ipo kote

Kisanduku

Wakuu, naombeni msaada wa aliyewahi kupita njia hii.

Nina kompyuta tatu. Ya mezani ina Windows 11 Pro, toleo la 24H2, imechomekwa kwenye ruta kwa kebo. Laptopu ya zamani nimeiwekea Linux Mint, nayo iko kwenye kebo, nimeifanya ghala la picha na nyaraka. Diski ya nje imechomekwa humo, folda inaitwa "picha", nimeishea kwa Samba (programu ya Linux ya kushea faili na Windows), yeyote anaingia bila nywila. Ya tatu ni MacBook, hiyo ni ya Wi-Fi tu na inazunguka nyumba nzima.

Intaneti ipo kote, hakuna inayolalamika. Ila Windows haioni Mint kabisa. Nikiandika \\mint napata 0x80070035, eti njia ya mtandao haikupatikana. Mac huiona Mint leo, kesho haioni, bila mpangilio wowote ninaouelewa. Halafu Mac haijawahi kuingia Windows hata siku moja, inakataa nywila ninayoitumia kila asubuhi.

Kuna video inasema dawa ni kuwasha SMB1, toleo la kwanza la SMB, ile lugha ambayo kompyuta hutumia kushea faili mtandaoni. Mwenye uzoefu aseme kabla sijagusa kitu.

Fundi Bila Bisibisi

Washa SMB1, zima fayawoli (kinga ya kuzuia miunganisho) zote, zima mashine uwashe upya. Mbona hiyo ndogo sana mkuu.

Mzee wa Poti

Kisanduku, usiwashe. Subiri.

Microsoft walitoa kiraka cha tundu la SMB1 Machi 2017. Mei mwaka huohuo WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, ikapita kwenye tundu hilohilo, ikaangusha mashine ambazo hazikuwekewa kiraka, hospitali za Uingereza zikiwemo. Windows 10 toleo la 1709, la Oktoba mwaka ule, ikaacha kuja na SMB1 kwenye usakinishaji mpya. Samba nao wakaizima kuanzia toleo la 4.11, mwaka 2019. Kwa hiyo hata ukiiwasha upande wa Windows, Mint yako haitakujibu kwa lugha hiyo. Utakuwa umefungua mlango ambao hauna mpitaji isipokuwa mwizi.

Kuzima fayawoli kwa dakika moja ili kupima kitu, sawa. Kuizima ikawa ndiyo dawa, hapana.

Sasa tuje kwenye shida yako. Watu wakisema "hazionani" huwa wamefunga mambo matatu kwenye furushi moja: je, mashine zinafikiana? Je, zinajuana kwa majina na kujitangaza? Je, ukifika mlangoni unakubaliwa kuingia? Kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine. Tunaanzia chini. Sahau majina, sahau ile ikoni ya Network, tumia namba tu.

Lete anwani ya kila mashine. Windows andika `ipconfig`, Mint andika `hostname -I`, Mac fungua terminali uandike `ipconfig getifaddr en0`.

Kisanduku

Windows: 192.168.1.14
Mint: 192.168.1.22
Mac: 192.168.0.105

Mac nimeipima nikiwa chumbani.

Mzee wa Poti

Iangalie hiyo ya tatu vizuri. Wenzake wako 192.168.1, yeye yuko 192.168.0. Huko chumbani kuna kisanduku kingine cha Wi-Fi, siyo?

Kisanduku

Kipo mkuu. Ruta ya pili, niliunganisha na ya kwanza kwa kebo kwa sababu mawimbi hayakuwa yanafika chumbani. Kumbe ndiyo hiyo?

Mzee wa Poti

Kwa upande wa Mac, ndiyo hiyo, na ndiyo maana ulikuwa huoni mpangilio. Mpangilio ni chumba. Ukiwa sebuleni Mac inashika ruta ya kwanza, inakaa mtaa mmoja na Mint, inaiona. Ukihamia chumbani inashika ya pili, na ile ya pili inajifanya mkuu wa mtandao wake, inagawa anwani zake yenyewe.

Kuna kitu huwachanganya wengi hapa. Kutoka chumbani Mac bado inaweza kuifikia Mint ukiiandikia namba yake, kwa sababu ruta ya pili inapeleka maombi nje kama inavyopeleka ya intaneti. Ila matangazo ya "mimi nipo hapa" hayavuki ruta. Mac na Mint hutangaziana majina kwa mDNS, poti (mlango wenye namba) 5353 ya UDP, kupitia anwani 224.0.0.251, na anwani hiyo imetengwa kwa matumizi ya mtandao wa hapohapo tu. Na kutoka Windows kuifuata Mac ndiyo huwezi kabisa, kwa sababu imejificha nyuma ya ruta ya pili.

Ingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili utafute hali ya AP, yaani isambaze Wi-Fi tu na isigawe anwani. Kama haina, zima DHCP yake (ugawaji wa anwani), ipe anwani kama 192.168.1.2 (hakikisha ruta ya kwanza haigawi namba hiyo), halafu chomoa kebo kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti) uichomeke kwenye tundu la kawaida la LAN. Ukimaliza, zima na uwashe Wi-Fi ya Mac uipime tena.

Kisanduku

Haikuwa na hali ya AP, nimefuata njia ya pili. Mac sasa ni 192.168.1.31 hata nikiwa chumbani, na Mint inaonekana kwenye Finder muda wote. Hii peke yake ilikuwa inanitoa jasho.

Windows bado. Nikipingi Mint kutoka Windows, yaani kuiita nione kama iko hai, inajibu. Nikipingi Windows kutoka Mint, kimya. Ina maana kebo ya Windows ni mbovu?

Nyuzinyuzi

Kebo mbovu haichagui upande, mkuu. Hiyo ni fayawoli ya Windows. Mtandao ukiwa umewekwa kama "Public", Windows inajifanya haipo: haijibu pingi wala haijitangazi. Kwa hiyo pingi ikigoma kuelekea Windows usihukumu kwamba njia imekatika. Fungua PowerShell kama msimamizi:

`Get-NetConnectionProfile`

Ukiona Public, na una uhakika ni mtandao wa nyumbani:

`Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private`

Jina la ndani ya alama za nukuu libadilishe liwe lile uliloliona kwenye amri ya kwanza. Kisha kwenye mipangilio ya kushea washa kuonekana na kushea faili kwa aina hiyo ya mtandao. Fayawoli inabaki imewaka, kwa heshima zote kwa Fundi.

Fundi Bila Bisibisi

Nimekaa pale nasoma.

Mzee wa Poti

Nyuzinyuzi amemaliza. Niongeze tu kwamba pingi inapima mashine kama iko hai. Kushea faili kunapita poti 445 ya TCP, na hiyo unaipima kivyake. Kutoka Windows:

`Test-NetConnection 192.168.1.22 -Port 445`

Mstari wa mwisho ukisema True, Samba iko macho na hakuna fayawoli katikati. Ukisema False, nenda Mint uangalie `sudo ufw status` na `systemctl status smbd`. Kisha andika \\192.168.1.22 kwenye kidirisha cha faili uniambie inasema nini, neno kwa neno.

Kisanduku

Profaili ilikuwa Public, nimebadilisha, sasa Windows inajibu pingi. Poti 445 imetoa True.

Lakini \\192.168.1.22\picha haijatoa tena 0x80070035. Imekuja na jipya: siwezi kufungua folda hii kwa sababu sera za usalama za taasisi yangu zinazuia kuingia kama mgeni bila kuthibitishwa. Taasisi gani jamani, hii ni nyumba.

Mzee wa Poti

Hahaha, hiyo taasisi ni wewe. Ujumbe umeandikwa kwa ajili ya maofisi ukabaki hivyohivyo. Ila ni habari njema, maana umefika mlangoni na sasa mnagombana kuhusu kuingia tu. Jambo la kwanza tumelimaliza.

Kinachotokea ni hiki. Windows ikifika kwa Samba hutuma kimyakimya jina unaloingilia Windows. Samba hailijui. Kwenye smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, una mstari huu, karibu kila anayetumia Mint anao:

`map to guest = bad user`

Maana yake, jina nisilolijua namgeuza mgeni. Zamani Windows ilikubali kugeuzwa mgeni bila neno. Toleo la 24H2 la Pro linakataa; Enterprise na Education zilianza kukataa tangu enzi za Windows 10. Kuna na la pili: 24H2 inataka kila ujumbe wa SMB uwe na sahihi. Sahihi hiyo inatengenezwa kwa ufunguo unaotokana na kuingia kwa nywila, na mgeni hana nywila, basi hana ufunguo, basi hana sahihi.

Fundi Bila Bisibisi

Si kuna swichi ya AllowInsecureGuestAuth kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows)? Unaweka 1, mgeni anaingia.

Mzee wa Poti

Ipo, Fundi, sikubishii. Lakini kwenye 24H2 itabidi uzime na sharti la sahihi pia. Unaondoa kinga mbili, kwa mitandao yote ambayo kompyuta ile itaunganishwa, ili kukwepa kuandika nywila mara moja. Mimi siwezi kumshauri mtu hivyo.

Kisanduku, kwenye Mint:

`sudo smbpasswd -a kisanduku`

Jina liwe la mtumiaji ambaye tayari yupo kwenye Mint. Samba ina daftari lake la nywila, halisomi lile la kuingilia kwenye mashine, ndiyo maana watu huapa kwamba nywila ni sahihi na bado wanakataliwa. Kisha hariri sehemu ya folda yako ndani ya /etc/samba/smb.conf iwe hivi:

`[picha]`
`path = /media/kisanduku/PICHA`
`valid users = kisanduku`
`read only = no`

Mstari wa guest ok ufute. Andika `testparm` kuona kama hujakosea herufi, halafu `sudo systemctl restart smbd`. Upande wa Windows, fungua terminali ya kawaida, siyo ya msimamizi, maana diski uliyoiunganisha kwenye dirisha la msimamizi mara nyingi huioni kwenye kidirisha chako cha faili:

`net use Z: \\192.168.1.22\picha /user:kisanduku * /persistent:yes`

Hiyo nyota inakufanya uulizwe nywila badala ya kuiandika ikaonekana.

Dada Terminali

Ukikutana na kosa la 1219 usishangae. Windows haikubali kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, na mara nyingine muunganisho wa jaribio la nyuma bado umening'inia. `net use * /delete` inazikata zote, kisha rudia. Na upitie hifadhi ya nywila ya Windows ufute jina la zamani la seva hiyo, maana huwa inalituma tena bila kukuuliza.

Kisanduku

IMEFUNGUKA. Nilikutana na 1219 kweli, dada asante, umenitabiria.

Nimefurahi jioni nzima. Asubuhi nimewasha Mint, nikarudi Windows, Z: ipo ila inasema haifikiki. Nikaenda kuingia kwenye Mint kwa nywila yangu ili nichunguze, niliporudi Windows ikafunguka yenyewe. Sijagusa kitu.

Dada Terminali

Uligusa, uliingia kwenye Mint. Diski za nje kwenye Mint hupachikwa na eneokazi lako, chini ya /media/jina-lako, pale unapoingia. Mashine ikiwaka ikabaki kwenye ukurasa wa kuingilia, diski haijapachikwa, na Samba inashea njia ambayo haipo. Ghala halitakiwi kumsubiri mtu aje aingie.

Angalia UUID yake (namba ya utambulisho wa diski) kwa `lsblk -f`. Tengeneza mahali pake kwa `sudo mkdir /srv/picha`. Kisha ongeza mstari kwenye /etc/fstab, orodha ya diski za kupachikwa Mint inapowaka, kama diski ni ext4 (mfumo wa faili wa Linux):

`UUID=namba-yako /srv/picha ext4 defaults,nofail 0 2`

nofail usiisahau. Bila hiyo, siku ukiwasha laptopu diski ikiwa haijachomekwa, Mint itakwama njiani ikiisubiri na kukutupa kwenye hali ya dharura. Kama diski ni NTFS au exFAT, mstari unabadilika, unataja aina yake na kuongeza uid=1000,gid=1000 ili faili ziwe zako. Kabla ya kuzima na kuwasha, toa diski pale ilipo kisha jaribu `sudo mount -a`. Ikinyamaza, umepata. Mwisho badilisha path kwenye smb.conf iwe /srv/picha.

Kisanduku

Ni ext4, na mount -a imenyamaza. Nimezima nikawasha bila kuingia, na Z: imefunguka. Safi sana.

Imebaki Mac kuingia Windows. Finder, Command na K, smb://192.168.1.14, naandika jina na nywila, inatikisa dirisha tu.

Nyuzinyuzi

Hiyo "nywila ya kila asubuhi" ni tarakimu ngapi?

Kisanduku

Nne.

Nyuzinyuzi

Basi ni PIN. PIN ya Windows inaishi ndani ya kompyuta ile tu, haitumiki kupitia mtandao. Kushea kunataka nywila yenyewe ya akaunti. Kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft, jina ni barua pepe na nywila ni ya barua pepe hiyo. Mimi nyumbani sipendi kuisambaza nywila hiyo kwenye kila mashine. Natengeneza akaunti ya ndani ya kushea tu, kwenye terminali ya msimamizi:

`net user mshea * /add`

Halafu folda husika naipa ruhusa ya jina hilo sehemu mbili, kwenye kichupo cha kushea na kwenye kichupo cha usalama. Ruhusa inayobana zaidi kati ya hizo mbili ndiyo inayoshinda, kwa hiyo ukiona unasoma lakini huandiki, moja bado imebana. Na nywila usiiache tupu, Windows haimruhusu mtu asiye na nywila kuingia kutoka kwenye mtandao.

Safari ya kurudi, Windows kwenda Mac: kwenye Mac washa kushea faili, ingia kwenye chaguo zake, chini kabisa kuna orodha ya watumiaji wanaoruhusiwa kushea na Windows. Weka tiki kwenye jina lako, itakuomba nywila. Bila ile tiki utaandika nywila sahihi mpaka vidole viume.

Kisanduku

Pande zote mbili zimekubali. Maswali mawili ya mwisho. Mint haionekani kwenye ikoni ya Network ya Windows ingawa Z: inafanya kazi. Na kunakili video kutoka Windows kwenda Mint kunaganda kwenye MB 11 kwa sekunde, haipandi haishuki.

Mzee wa Poti

Ikoni kwanza, hiyo ndogo. Orodha ya zamani ya Windows ilitegemea SMB1, ilipoondoka ikaondoka nayo. Sasa Windows husikiliza WS-Discovery, poti 3702 ya UDP, ambayo Samba yenyewe haitangazi. Kifurushi cha wsdd kwenye Mint ndicho kinachotangaza. Sakinisha ukitaka. Binafsi sihangaiki nayo: nimeifunga anwani ya seva kwenye ruta kwa kuhifadhi namba kwa anwani ya MAC yake (namba ya kadi ya mtandao, siyo kompyuta ya Mac), diski nimeiunganisha kwa namba, ikoni ionyeshe inachotaka. Ukipenda jina, jaribu \\mint.local, Windows za siku hizi zinaielewa.

MB 11 ndiyo imenivutia. Ikiganda hapo bila kuyumba, huo ni mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde (megabiti nane ni MB moja), siyo wa diski wala wa Samba. Kwenye Mint, jina la kadi utalipata kwa `ip link`:

`sudo ethtool enp3s0 | grep Speed`

Kisanduku

Speed: 100Mb/s. Laptopu kwenye karatasi zake imeandikwa gigabiti, na ruta pia.

Mzee wa Poti

Shika kichwa cha kebo uangalie kwa pembeni penye mwanga, kile cha plastiki angavu. Hesabu rangi.

Kisanduku

Ziko nne. Rangi ya machungwa na mwenzake, kijani na mwenzake. Nafasi nyingine tupu.

Mzee wa Poti

Umeipata. Megabiti 100 zinatosheka na jozi mbili, gigabiti inataka jozi zote nne, nyaya nane. Mashine zikikuta nne zinakubaliana mwendo mdogo bila kumwambia mtu. Weka kebo nyingine, Cat5e inatosha kabisa, usiuziwe zaidi ya hapo kwa umbali wa nyumba.

Kisanduku

Speed: 1000Mb/s, kunakili kunacheza 90 na kitu. Naona diski yenyewe sasa ndiyo inaishia hapo.

Fundi Bila Bisibisi

Mimi nina yangu, nisifungue uzi mwingine. Nimefuata hatua zote humu, laptopu ya kazini inafungua intaneti ila haifikii seva yangu ya Linux hata kwa namba. Kompyuta nyingine zote zinaifikia.

Dada Terminali

VPN ya kazini, ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi, imewaka?

Fundi Bila Bisibisi

Muda wote.

Dada Terminali

Ikate ujaribu. Ikifunguka, ni VPN inayochukua trafiki yote, hata ya humo ndani. Baadhi zina chaguo la kuruhusu mtandao wa nyumbani. Kama limefungwa na kazini kwako, waulize wao, usilizunguke. Na fayawoli iwashe.